Fizio Alinipa Mazoezi, Ayany Wakaona Kamuti

Leo nimeaibika mpaka nimeingia kwangu kwa mlango wa nyuma. (Nyumba yangu haina mlango wa nyuma. Nimepitia kwa jirani na dirishani.) Kawangware yote inajua mimi si mtu wa kutoka nje. Leo nimetoka, mara moja tu, nimerudi jina limechafuka. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana nasikia video tayari iko kwa magrupu.

Kwa wasionijua, naitwa Nzioka. Natengeneza redio, pasi na feni. Kazi yote naifanyia mlangoni kwangu, na jioni nikimaliza nageuza kiti naangalia ndani. Hiyo ndiyo safari yangu. Kitu kimoja tu hunitoa nyumbani: mpira. Jumapili watu wakitoka kanisani nachezea Wazee Bado, timu ya mafundi na wachuuzi ambao hakuna timu nyingine inaweza kuwachukua. Nacheza mbele. (Nasimama mbele. Kucheza ni neno kubwa.)

Mwaka jana goti la kushoto likaharibika. Ningependa kuwaambia niligongwa na beki mkubwa kama kabati. Wapi! Nilikuwa peke yangu, mpira uko mbali, nikageuka kuangalia ni nani ananiita. Goti likalia tak! Na hakuna aliyekuwa ameniita.

Daktari akasema gegedu limechanika. Mimi gegedu nalijua kwenye supu ya miguu ya ng'ombe, kile kitu cheupe unachotafuna mpaka unakata tamaa. Kumbe hata sisi tunacho. Wakanifanyia operesheni ile ya kisasa: wanatoboa vitobo vidogo, wanaingiza kamera, wanatengeneza huko ndani wakiangalia kwa skrini. Nikaamka na bandeji na magongo.

Baada ya hapo nilikaa nyumbani miezi mingi, na ukweli ni kwamba nilistarehe. Chai inaletwa. Mkutano wa wapangaji wa plot ukiitwa, naonyesha goti tu, wananiambia pole. Aliyechoka ni mke wangu Mutheu.

"Baba Kyalo, hilo goti litapona lini?"

"Daktari amesema ni pole pole."

"Alisema pole pole. Hakusema milele. Rudi mpira, nataka kupiga deki hapo ulipokaa."

Halafu wiki iliyopita akanijia Kocha Wekesa. Huyu anauza miwa hapo stage ya matatu, na timu yetu anaiendesha kama jeshi. Akasimama mlangoni, hakutaka hata kiti.

"Nzioka, buda, nimekungoja vya kutosha. Kuna kijana wa kuchomelea mageti anataka namba tisa. Jumapili tunaenda Kibera kucheza na mafundi wa mbao wa Ayany. Ukimaliza kipindi cha kwanza chote ukiwa kwa miguu yako, jezi inabaki yako. Ukishindwa, yeye anachukua, na wewe unaingia kamati ya maji."

Kamati ya maji ni wale wa kubeba chupa na kulinda nguo za wachezaji. Nimeona watu wakiingia humo na nywele nyeusi. Hakuna anayetoka. Na msinicheke kwa hili: ile Jumapili moja ndiyo kitu pekee nimebaki nacho nje ya mlango wangu. Wakiichukua, mimi ni fanicha.

Kwa hivyo nikampigia Nafula, fizio wangu, yule anayenifanyisha mazoezi ya goti. Nafula ni msichana mdogo, lakini akikuamrisha utasimama wima hata kama uko kitandani.

"Unaweza kucheza," akasema. "Lakini kabla hujagusa mpira unafanya mazoezi yote. Yote, Nzioka. Kwa mpangilio. Mtu akikuongelesha usimjibu mpaka umalize. Ukiruka hata moja, usinipigie ukilia."

Nikaapa.

Sasa hayo mazoezi yana shida moja: ukiyafanya mbele ya Wazee Bado watakucheka mpaka uzeeke. Kwa hivyo nikapiga hesabu. Timu itakuja na pikapu baadaye. Mimi nitangulie na boda, nifike Ayany uwanja ukiwa mtupu, nifanye mambo yangu kwa siri, watu wakija wanikute nimesimama tu kama mwanaume. Hata nikajiambia, Nzioka wewe una akili.

Nikafika mapema. Uwanja wa udongo mwekundu, milingoti ya goli ya mbao safi (si ni mafundi wa mbao), nyavu hakuna, na mistari imechorwa kwa majivu. Nyuma ya goli moja kulikuwa na mama wa chai amewasha jiko, anajipanga. Zaidi yake hakuna mtu. Nikaenda kwa goli hilo hilo, kwa sababu mwisho ule mwingine ulikuwa na jua la kuingia machoni.

Zoezi la kwanza ni la mpira wa kufunga miguu. Wangu niliukata kwa tyubu ya baiskeli, mweusi, upana wa vidole viwili. Nikaufunga juu ya magoti, nikachuchumaa kidogo, nikaanza kutembea kando kando, kama mtu aliyechelewa kanisani anayepita mbele ya magoti ya watu. Nilihitaji mstari ulionyooka. Mstari wa goli ulikuwa umenyooka. Nikaenda kutoka mlingoti mmoja mpaka mwingine. Nikarudi.

Zoezi la pili ni kutembea kinyumenyume, kisigino kwa vidole, bila kugeuka kuangalia nyuma. Nikatumia mstari ule ule. Mlingoti kwa mlingoti.

Nikaona mama wa chai amesimama na mwiko hewani, ananiangalia. Sikumsalimia, si nimeambiwa nisiongee na mtu? Nikamwinamishia kichwa tu, kwa heshima. Mama akainua jiko. Na makaa ndani. Na sufuria juu ikichemka. Akavuka uwanja mzima akilibeba mpaka upande ule mwingine, kwenye jua kali.

Nikajiambia, huyu mama anapenda jua.

Zoezi la tatu ni kusimama kwa mguu mmoja, mikono umeitandaza, macho umefumba, huku ukihesabu kwa sauti. Nafula anasema kuhesabu kwa sauti kunakuzuia kubana pumzi. Mimi kuhesabu kwa Kiswahili hunipotezea mahali, kwa hivyo nahesabu kwa Kikamba, vile mamangu alinifundisha. Nikasimama katikati ya goli, nikaangalia ndani, nikafumba macho.

"Imwe! Ili! Itatu! Inya!"

Nilipofumbua, kwa mbali kulikuwa na jamaa wa mkokoteni. Alikuwa amesimama, kofia mkononi. Akaivaa, akageuza mkokoteni wake, akarudi alikotoka. Nikafikiri amesahau kitu.

Zoezi la nne ni kukimbia pole pole ukizunguka vitu, kwa umbo la nane. Hospitalini wana vile vikofia vya plastiki vya kupanga chini. Mimi nilikuwa na machungwa ya timu ya hafu taim (nilipewa niyabebe, na hiyo pekee ingenionyesha kamati ya maji inaninyemelea). Nikayapanga mbele ya goli vizuri, nikayazunguka. Nikayazunguka tena. Watu walikuwa wameanza kuongezeka kando ya uwanja, kimya kabisa. Nikajua hawa wameona mchezaji wa ukweli akipasha mwili. (Ndiyo, nilijivuna. Hata nikaongeza madaha kidogo kwenye kona.)

La mwisho si la Nafula, ni langu. Nikapiga magoti, nikaanza kulipapasa goti huku nikilibembeleza: "Leo usiniangushe, tafadhali. Ukinisaidia leo, jioni nitakupa barafu."

Mtu mmoja kwa wale watazamaji akasema, "Yesu wangu."

Nikasimama, nikajipangusa vumbi. Ndipo nikaona timu ya Ayany imeshafika, jezi za kijani, wamesimama nje ya mstari kama wanaogopa kulowa. Aliyethubutu kuingia ni kipa wao tu. Wanamwita Ochi. Mtu mkubwa, viganja kama sepetu. Akaja mpaka penye alama ya penalti, akasimama hapo.

"Boss, niaje," nikamwambia. Mazoezi yameisha, sasa naweza kuongea.

"Hapo ulikuwa unafanya nini?"

"Najitayarisha tu."

"Kwa goli letu?"

"Huko kwingine jua linaniingia machoni."

"Si macho ulikuwa umefumba?"

Kweli nilikuwa nimefumba.

"Wewe ni wa wapi?" akaniuliza.

"Kawangware."

"Hapana. Nyumbani. Ushago."

"Mwingi, huko Kitui, Ukambani."

"Wooooi!" Uwanja mzima! Mmoja akashika kichwa. Mwingine akakaa chini kabisa. Mimi nikafurahi, nikadhani nimepata watu wa kwetu.

"Kwani mmeoa huko?" nikauliza.

Ochi akarudi kwa wenzake, na alirudi kinyumenyume pia, bila kunipa mgongo. Nikashangaa kama yeye pia goti linamsumbua.

Hapo ndipo pikapu ya Wazee Bado ikaingia, wanaimba. Wimbo ukakatika katikati. Kocha Wekesa akaruka chini, Ochi akamwendea.

"Kocha, sisi hatuchezi. Mtu wenu ametuwekea kitu golini."

"Kitu gani?"

"Kamuti."

Kamuti, kama hujui, ni dawa za uchawi ambazo Nairobi nzima inaamini kila Mkamba hutembea nazo mfukoni. Mimi mfukoni huwa na bisibisi. Lakini nitawaambia ukweli, hata baada ya kusikia hilo neno bado sikuelewa. Niligeuka nyuma niangalie ni nani huyo mtu mbaya.

Nyuma yangu kulikuwa na goli, na machungwa.

Kocha akaja. Akaangalia ile tyubu nyeusi kwenye miguu yangu. Akaangalia alama za viatu vyangu zinazotembea kinyume juu ya majivu. Akaangalia machungwa.

"Nzioka."

"Kocha."

"Hayo ni machungwa ya hafu taim."

"Nimeazima tu."

"Ulikuwa unafanya nini, buda?"

"Mazoezi! Ya hospitali! Ya goti!" Nikawageukia watu wa Ayany. "Jamani, mimi nilifanyiwa operesheni! Nimetoka kwa magongo juzi juzi! Njooni muone!"

Nikapandisha suruali. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nimewaambia ile operesheni ni ya vitobo. Kwa hivyo kwenye goti langu hakuna kidonda cha maana, kuna alama mbili ndogo nyeusi, moja huku, moja huku, zimekaa sawasawa kama macho.

Mama wa chai, ambaye alikuwa amerudi bila jiko ili aone vizuri, akapiga yowe. "Chale! Amechanjwa!"

"Mum, ni operesheni!"

"Operesheni naijua! Shemeji yangu alipasuliwa tumbo, ana mshono kama zipu ya begi. Hivyo ni vitobo!"

"Ni kamera waliingiza!"

"Kamera," Ochi akasema pole pole. "Kamera imepita hapo."

"Ndogo!"

"Na nani alikuwa anapigwa picha?"

Watu hawakucheka. Waliniangalia vile unaangalia mtu anayejichimbia. Na nikajiangalia goti, zile alama mbili zikaniangalia pia, na nawaambia, kwa dakika moja hata mimi nikajishuku. Nani ajuaye? Nilikuwa nimelala. Sikuona walichofanya.

Refa, mzee mwembamba wa filimbi shingoni, akaingilia. "Sikiza. Huyo daktari wako ana simu? Mpigie. Weka spika tusikie wote."

Nikashusha pumzi. Sasa nimeokoka. Nikampigia Nafula, nikainua simu juu kama bendera.

"Nafula, niko hapa uwanjani, na hawa watu..."

"Umefanya?"

"Nimefanya, lakini..."

"Ulifunga ile kamba?"

"Nilifunga."

"Juu ya goti, si chini?"

"Juu. Nafula, ngoja..."

"Ukarudi kinyumenyume bila kuangalia nyuma?"

"Ndiyo, lakini hawa watu wa Ayany wanasema..."

"Achana na watu! Si nilikwambia watu wakikuongelesha usiwajibu? Ulifumba macho?"

"Nilifumba."

"Ukahesabu kwa sauti?"

"Nafula!"

"Basi itashika vizuri. Usiogope. Na hiyo kamba usimwazime mtu, ni yako peke yako, nilikupimia. Haya, nina mgonjwa."

Akakata.

Nilisikia sufuria ya mama ikichemka kule upande ule mwingine wa uwanja.

"Kumbe mkubwa wao ni mwanamke," mtu akanong'ona.

"Wa kike ndio wakali," mwingine akamjibu.

"Ni fizio!" nikapiga kelele.

"Hata cheo chenyewe kinatisha," akasema mama wa chai.

Ochi akavua glavu akaziweka chini. "Mke wangu ana mimba. Mimi hapo sisimami."

Refa akajikuna kisogo. "Mimi mambo ya kamuti sijui, na ya hospitali sijui. Najua bila kipa mechi haianzi. Wewe uliyeweka, toa."

"Nitoe nini?"

"Fanya yote tena, kinyume. Kila kitu. Huyu mama alikuwa hapa, atakagua."

Nikamgeukia Kocha nikitegemea atanitetea. Kocha akanishika bega, akaniinamia sikioni. "Buda, fanya tu. Ukikataa, mechi hakuna. Mechi ikikosa, kipindi cha kwanza hukumaliza. Na kijana wa mageti yuko hapo kwa pikapu, amekuja na viatu."

Nikamwona. Alikuwa amekaa juu ya tairi ya akiba, anafunga kamba za viatu bila haraka.

Basi. Mbele ya Ayany nzima na nusu ya Kibera, nikafanya. Nikazunguka machungwa kwa upande mwingine, nikiyaokota moja moja. Nikatembea juu ya mstari kwenda mbele mahali nilipoenda nyuma. Nikasimama kwa ule mguu mwingine, macho wazi, nikihesabu kutoka juu kwenda chini. Sijawahi kuhesabu Kikamba kwenda chini maisha yangu yote! "Ikumi, kenda..." nikakwama.

"Anza tena!" mama akaamuru. "Usituachie mabaki!"

Nikaanza tena. Wazee Bado, timu yangu mwenyewe, watu ninaokula nao, walikuwa wamelala chini wanashika mbavu. Simu zote ziko juu. Nilipomaliza ile tyubu, nikadhani tumekwisha.

"Bado," mama akasema. "Uliongea na goti. Uliliahidi kitu."

"Mum, tafadhali."

"Liambie umeghairi."

Nikapiga magoti. Nikaliambia goti langu, kwa sauti ya kusikika: "Yale niliyosema, nimeyarudisha. Barafu hakuna."

Uwanja ukapiga makofi. Ochi akavaa glavu, akaingia golini akitanguliza ncha ya kiatu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Refa akapuliza.

Mechi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Hakuna mtu aliyenikaribia! Nikipewa mpira, mabeki wanafunguka kama pazia. Mmoja aliniambia kabisa, "Pita, mzee, pita salama." Kwa kawaida ningefunga mabao mpaka nichoke. Shida ni kwamba yale mazoezi nilikuwa nimeyafanya mara mbili. Miguu ilikuwa uji. Nilitembea tu uwanjani kama bwana arusi, na kila mahali nilipotembea palibaki wazi. Lakini nilikuwa nimesimama, na kipindi kilikuwa kinaisha, na kijana wa mageti alikuwa ameacha kushughulika na viatu vyake.

Halafu ikaja ile pasi.

Sijui ni nani aliyeipiga. Mpira ukapita katikati ya mabeki, ukasimama mbele yangu. Hakuna mtu. Ni mimi na Ochi. Ochi akaniona nakuja, akaangalia goti, akasema "Sitaki!" na akatoka. Akaacha goli. Akaenda kujificha nyuma ya mlingoti, ambao ulikuwa mwembamba kuliko sikio lake.

Goli tupu. Hatua chache. Mutheu akiwa na ndoo ya maji kichwani angefunga. Nikasikia Kocha anaita jina langu kwa sauti ambayo hajawahi kuniitia.

Mguu wangu wa kupiga ni wa kulia. Kwa hivyo nikasimama kwa wa kushoto. Mguu mmoja. Mikono ikajitandaza. Na ndugu zangu, mwili una mazoea yake. Miezi yote hiyo nikisimama kwa mguu mmoja, nafanya nini? Macho yakajifumba yenyewe.

"Imwe!" nikasema.

Nikapiga.

Nilipofumbua macho, mpira ulikuwa unakwenda pole pole, bila wasiwasi wowote, nje ya goli. Ukapita kando ya mlingoti. Ukaenda ukamgusa Ochi kwenye kiatu, huko huko alikojificha.

Ochi akauangalia mpira. Akaniangalia mimi. Akaangalia goli tupu, lile pana, la mbao safi. Nikaona uso wake ukibadilika kama mtu anayetua mzigo.

"Huyu hana kitu!" akapiga kelele. "Jamani! Huyu hana kitu kabisa! Ni mtu wa kawaida!"

Uwanja ukalipuka. Watu wakakumbatiana. Ochi akaja akaninyanyua juu, na mikono yake ile, ananiambia, "Pole, ndugu yangu, pole sana, tulikufikiria vibaya." Mama wa chai akavuka uwanja mechi ikiwa inaendelea, na kikombe mkononi.

"Kunywa, mwanangu. Mwenye kamuti hawezi kukosa hiyo."

"Asante, mum."

"Hata asiye na kamuti hawezi kukosa hiyo."

Nikanywa. Nifanye nini? Nilikuwa nimesafishwa jina na watu wale wale walionichafua, kwa ushahidi ambao sitaki uonyeshwe popote. Na dakika ile ile beki wa "pita salama" akaniingilia kwa nguvu zake zote, nikaruka, nikaanguka, nikainuka. Refa akapuliza hafu taim.

Nilikuwa nimesimama! Kwa miguu yangu!

Kocha Wekesa akaja pole pole. Akakaa kando yangu. Akamenya chungwa, akalila lote bila kunipa.

"Umemaliza kipindi," akasema mwishowe. "Nilisema, na sirudi nyuma. Jezi ni yako."

"Asante, Kocha."

"Lakini nikuulize kitu, Nzioka. Walikuwa wanatuogopa. Kwa miaka yote nimefundisha hii timu, hakuna mtu amewahi kutuogopa. Kipa alikuwa ameacha goli. Ungewaacha tu waogope. Ungeacha hata mpira uingie wenyewe. Ulikuwa unahesabu nini?"

Nikaokota maganda ya chungwa. Kipindi cha pili wametufunga mpaka refa akaacha kuangalia saa. Kwenye pikapu wenzangu walikuwa wamegawanyika: wengine wana hasira kwamba nina kamuti na siitumii vizuri, wengine wana hasira kwamba sina. Wawili wameniomba ile tyubu kwa siri, kila mmoja kivyake. Kijana wa mageti alinisalimia kwa mikono miwili, na sijui alikuwa ananiheshimu au ananiogopa.

Nimeingia dirishani, nimekuta Mutheu na simu mkononi.

"Nimeona," akasema.

"Mama Kyalo, mimi sina kamuti, naapa."

"Hiyo najua. Ungekuwa nayo huo mfereji hapo nje ungekuwa umeacha kuvuja." Akairudisha video nyuma, akaiangalia tena, uso umeusogeza karibu. "Baba Kyalo. Goli lilikuwa tupu?"

"Lilikuwa tupu."

"Tupu, tupu?"

Hapo nimeamua kuwaandikia ninyi. Sielewi kitu chochote kilichotokea leo. Nilifuata maagizo ya hospitali, nikaogopwa. Nikashindwa kazi, nikapewa chai. Na kwa yeyote anayetaka kujua, goti haliumi hata kidogo, Nafula amelitengeneza kama jipya.

(Nimengoja kidogo hapa nione kama kuna atakayeuliza habari za goti. Hakuna. Haya, chekeni.)